Mwanangu analala ziwani, naambiwa nimwachie Mungu. Nimwachieje?

BARUA

Dada shikamoo, Bwana Yesu asifiwe. Jina langu naomba usiliandike, hapa Kigoma tunajuana sana na mtoto mwenyewe ana simu anaweza akasoma.

Mimi nakaa Mwanga, nauza mawese sokoni, nina watoto wanne. Baba yao yuko Mpanda kwenye kazi za ujenzi, anakuja akipata nafasi, kwahiyo malezi ya kila siku yako kwangu. Anayenikosesha usingizi ni wa kwanza, wa kiume, ana miaka 17, anafikisha 18 mwakani.

Huyu mtoto alikuwa wa kanisani kabisa. Alikuwa anapiga kinanda kwaya ya vijana, Jumapili anaamka kabla yangu, shati anapiga pasi mwenyewe. Mtihani wa form four ulipokaribia wakaitwa mbele watahiniwa wote, kila mmoja na kalamu yake, kalamu zikapakwa mafuta, ikatamkwa mbele ya kanisa zima kwamba hakuna atakayefeli kwa jina la Yesu. Matokeo yakatoka Januari, zero. Alikaa chumbani siku nzima, jioni akatoka akaniuliza, mama, pale Mungu ndo alisema au watu ndo walisema? Mi nikamjibu usimkufuru Mungu. Toka hapo kanisani hajakanyaga, hata kinanda walimtumia mtu akamuite hakwenda.

Baadae kidogo akaanza kwenda Kibirizi na rafiki yake, sa hivi ni msaidizi kwenye kipe cha mtu, yaani chombo cha kuvulia dagaa. Anaondoka jua likizama anarudi asubuhi ananuka taa na samaki, analala mpaka mchana. Pombe sijamuona nayo. Hela anapata, nyingine ananiwekea mezani chini ya kikombe bila kusema kitu, unga wa wiki mara nyingi ni hela yake. Hapo ndo nachanganyikiwa maana siwezi kusema ameharibika, ila siwezi kusema nina amani.

Dada, kaka yangu alikufa kwenye ziwa hilihili. Mi nilikuwa shule ya msingi. Walitoka jioni, upepo ukawakuta, asubuhi mtumbwi ukarudi na wenzie yeye hayupo, na mpaka leo hatujazika. Mama yetu alikuwa mwombaji, kila jioni kabla kaka hajatoka alikuwa anamuwekea mkono kichwani anamuombea. Jioni ile pia alimuombea. Watu walipokuja msibani wakamwambia Mungu anajua, mama akaitikia amina, ila mimi ndani yangu kuna kitu kilibaki na sijawahi kukisema kwa mtu.

Sasa usiku mwanangu akiwa majini silali. Upepo ukigonga bati tu niko magotini, naomba kwa sauti, nalia, nakemea, mpaka majirani wananisikia. Alfajiri nyingine nachukua bodaboda naenda mwaloni, nasimama katikati ya wale kina mama wanaosubiri dagaa, nikimuona anashuka najificha narudi nyumbani kimyakimya. Siku moja akaniona, wenzie wakamcheka, hakurudi nyumbani siku kadhaa. Aliporudi akaniambia maneno ambayo yananitembea kichwani mpaka leo. Akasema, mama, mbalamwezi tukiwa hatuendi ziwani mi nakuwa chumbani nakusikia. Unamwambia Mungu mambo mengi kuhusu mimi, mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza hata moja.

Nilipeleka jambo hili kwenye kikundi chetu cha maombi. Kiongozi wetu, mama mtu mzima namuheshimu, akasema shida yangu ni kukosa imani, hofu na imani havikai nyumba moja, kwahiyo nimwachie Mungu, nisimfuate, nisimpigie, nikae kimya nione wokovu wa Bwana. Kuna mtumishi mwingine alikuja kwenye semina, huyo akasema mtoto ameshikwa na roho ya ziwani iliyomchukua mjomba wake, nilete sadaka ya shilingi laki moja na nusu ya kufunga hiyo madhabahu. Mume wangu nae kwenye simu anasema mtoto apelekwe Tabora kwa baba yake mdogo akatulizwe kule, mtoto amegoma.

Nauliza hivi dada. Kumwachia Mungu ndo kukaa kimya? Nikimfuata mwaloni namuonyesha Mungu simwamini? Na namwaminije Mungu kwa ziwa hili wakati mama yangu alimwamini na kaka hakurudi? Nisaidie, nimechoka.

Mama wa Mwanga


JIBU

Marahaba mdogo wangu, Bwana asifiwe sana. Pole. Pole ya sasa na pole ya kaka yako, maana hiyo ya pili nahisi hujapewa sawasawa.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Unaona una mtoto anayefanya kazi ya hatari usiku na ameacha kanisa, watu wanaokupenda wanakuambia dawa ni kumwachia Mungu, na wewe hujui hilo neno likishuka nyumbani kwako linakuwa kitendo gani. Ila ndani ya barua hiyohiyo nimeona mambo mawili yamefungwa kitambaa kimoja. Kuna hofu ya mwanao, na kuna msiba wa kaka yako ambao haujawahi kukaliwa matanga ndani ya moyo wako. Upepo ukigonga bati usiku unaomba kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini wanaoliliwa ni wawili. Nakuomba hili ulifikirie taratibu, usilikubali tu kwa sababu nimelisema mimi.

Kwanza kuhusu kuambiwa hofu yako ni kukosa imani. Huyo mama kiongozi wenu simbezi, hata Petro kaandika tumtwike Mungu fadhaa zetu zote "kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu", na Paulo nae kasema tusijisumbue kwa neno lolote, bali kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru haja zetu zijulikane na Mungu. Ni maneno ya kweli na mimi nayaishi. Lakini angalia aliyeyaandika alikuwa wapi. Paulo anaandika Wafilipi akiwa kifungoni, hajui atatoka hai au la, na kwenye barua hiyohiyo anasema anamrudisha kwao mwenzao Epafrodito ili yeye Paulo mwenyewe apunguziwe huzuni. Kwa Wakorintho anakiri kabisa kwamba kila siku anaelemewa na maangalizi ya makanisa yote. Sasa kama mtume aliyetufundisha tusijisumbue alikuwa na kitu kinamuelemea kila siku, mama mwenye mtoto majini ataambiwaje kwamba moyo ukidunda basi imani imekwisha?

Na Mariamu je? Yesu ana miaka 12, amebaki Yerusalemu, wazazi wamesafiri siku nzima wakidhani yuko kwenye msafara. Hawakukaa chini wakasema tumwachie Mungu, ingawa kama kuna mtoto duniani ambaye ungeweza kusema Mungu mwenyewe anamuangalia ni huyo. Walirudi njia yote wakamtafuta, wakamkuta baada ya siku tatu, na mama yake akamwambia wazi, "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Ila kuna upande wa pili wa habari hiyo, na ndo mgumu kwetu wazazi. Yesu aliwajibu kwamba iliwapasa kujua anapopaswa kuwa. Yaani Mariamu kumtafuta mwanawe haikuwa dhambi, na bado mtoto alikuwa na njia yake na Mungu ambayo mama alikuwa haijui. Yote mawili yako kwenye sura moja na Biblia haikuondoa hata moja.

Kwahiyo ukiniuliza kumwachia Mungu ndo kukaa kimya, ngoja nikuulize na wewe, unamwachia Mungu kipi? Ukimpeleka mtoto mchanga kliniki kuchanjwa, sindano unamwachia nesi, lakini mtoto unamshika wewe, tena unamshika vizuri. Kuna vitu vya mwanao haviko mkononi mwako hata ukeshe mwaka mzima, upepo haumo, moyo wake kumrudia Mungu haumo. Na kuna vitu ambavyo Mungu kakukabidhi wewe na hatashuka kukufanyia, kama vile kukaa na mtoto mkaongea. Naona usiku unahangaika na vile vya kwanza mpaka unaishiwa nguvu, hivi vya pili vinabaki palepale mchana.

Nije kwenye lile neno lililokuchoma, mimi nadhani ndo moyo wa barua yako. Kijana amesikia mama yake anamuombea. Lakini hebu jiweke chumbani kwake, ukuta ni mwembamba, usiku umetulia, anasikia mama analia anamtaja jina, anataja giza, vifungo, roho chafu, upotevu. Huyo ni mtoto aliyekuwekea hela ya unga chini ya kikombe. Wewe unaona unampigania, yeye anasikia anashitakiwa kwa Mungu na mtu ambaye asubuhi atamuuliza tu kama amekula. Sisemi uache kuomba, Mungu apishe mbali. Nakuuliza tu, je kuna uwezekano kwamba maombi yamekuwa mahali unapoongelea mambo ambayo unaogopa kuyaongea na mwenyewe? Ni rahisi sana kwetu kina mama wa maombi, Mungu hatujibu kwa hasira wala hatugeuzii mgongo, mtoto wa miaka 17 anaweza kufanya vyote.

Unamkumbuka Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko? Kila mtu pale aliona shida yake ni macho, na bado Yesu alisimama akamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Alimuuliza jambo ambalo kila mtu alidhani linajulikana. Wewe je, ukimuuliza mwanao, mwanangu, nikipiga magoti usiku ungependa nikuombee nini, unadhani atajibu nini? Inawezekana atanyamaza. Inawezekana atasema usiniombee chochote, hapo itauma, na usikimbilie kukemea. Inawezekana pia atakutajia kitu ambacho hukuwaza kabisa, labda kuna mtu anamdai, labda anaogopa yale maji kuliko wewe.

Na kuna swali lake lile la Januari ambalo mpaka leo halijajibiwa, pale Mungu ndo alisema au watu ndo walisema. Mdogo wangu, mimi hilo silioni ni kufuru. Ni swali la mtu aliyekuwa anaamini kwelikweli, asiyeamini angejali nini? Tena Biblia inalo jibu lake, Kumbukumbu la Torati sura ya 18 mwishoni, kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, "hilo ndilo neno asilolinena BWANA". Kwahiyo unaweza kukaa nae ukamwambia mwanangu, uliuliza vizuri, siku ile nilishtuka sikukujibu, mimi naona pale walisema watu, walikupenda lakini Mungu hakuahidi. Sijui kama hiyo itamrudisha kwenye kinanda, na naomba usiifanye ndo kamba ya kumvutia, atagundua mara moja. Lakini atajua kwamba nyumbani kwao mtu anaweza kuuliza habari za Mungu asifukuzwe. Hatari yake ipo pia, huenda ukaonekana unapinga kanisa, na kwenye mji mdogo maneno yanatembea. Hilo utalipima wewe, mimi sikai na majirani zako.

Sasa ziwa. Hapa niongee kama dada wa dunia hii. Mwanao hajafikisha miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamuhesabu bado ni mtoto, kazi za hatari haruhusiwi kufanya, na kulala majini usiku ni hatari hata kwa mtu mzima. Sikwambii hivi ili uende kumshitaki mtu. Nakwambia ujue kwamba una haki ya kufika mwaloni mchana, kichwa juu bila kujificha, ukamtafuta mwenye kipe na nahodha wake, ukawaambia mimi ndo mama wa fulani. Uongozi wa mwalo, wale wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, nao wapo. Unaweza kumuuliza nahodha kwenye chombo mko wangapi, laifu jaketi zipo au hazipo, upepo wa kiangazi unaotoka kusini ukianza kuchafua maji mnatoka au mnasubiri, mkichelewa nani anapiga simu nyumbani. Hapo hujamfuata mtoto, umeenda kuongea na watu wazima wenzio. Kuna tofauti kubwa na kumchungulia alfajiri, ingawa kwa kijana wa umri huo hata hilo linaweza kumuudhi, kwahiyo mwambie kabla hujaenda. Ukienda kwa siri na hili, mtarudi palepale.

Kumkataza moja kwa moja kunawezekana, wewe ni mzazi na sheria iko upande wako. Jiulize tu akikatazwa bila kuwekewa kitu kingine mkononi atakuwa wapi saa tatu usiku, na je atakuwa anakuambia. Kumpeleka Tabora kunawezekana pia, kule ziwa hakuna, na baba mdogo anaweza kuwa baraka. Lakini mtoto amekataa, na aliyepelekwa kwa nguvu hukawii kusikia kashuka na treni ya kurudi, au yupo kule lakini hapokei simu. Labda swali ni kama kuna mtu amemwambia Tabora anaenda kufanya nini. Kutulizwa sio kazi.

Halafu kuna hili sijui kama mmelifikiria. Hapohapo Kibirizi kuna chuo, kampasi ya FETA, wakala wa serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi. Kama kijana kweli amependa samaki na maji, na sio kwamba amekimbilia huko kuficha aibu ya matokeo, basi kuna njia ya kulipenda ziwa kwa kitabu. Kwa zero aliyopata itabidi kwanza arisiti mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, masharti ya kujiunga kayaulizieni palepale ofisini. VETA, chuo cha ufundi stadi, nayo Kigoma ipo na ina kozi fupi. Ila tafadhali usifike na fomu umeshaijaza. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, unakumbuka vijana walivyokaa hawajui cha kufanya. Muulize tu, mwanangu, likifungwa tena utakuwa unafanya nini? Swali la kawaida, halina mahubiri ndani yake. Na wakati wa kuliuliza unao, mbalamwezi haendi ziwani, yuko nyumbani, amelala usiku kama watu wengine, hana usingizi wa mchana wala hasira za uchovu. Siku hizo mnazo kila mwezi.

Kuhusu ile laki moja na nusu nitasema kidogo. Unauza mawese, unajua hiyo hela ni madumu mangapi. Sadaka ni ibada na sitakuzuia kumtolea Mungu, ila mtu anayekuambia usalama wa mtoto wako una bei, na bei anaitaja yeye, naomba umuangalie mara mbili. Na angalia zaidi hilo neno la roho iliyomchukua mjomba. Likimfikia mtoto atajengewa woga wa kufa akiwa juu ya maji, mahali anapohitaji akili zake zote, na kaka yako atakuwa amegeuzwa kuwa laana ya ukoo wakati alikuwa kijana aliyekutwa na upepo kazini.

Nimelisogeza mwisho swali lako la tatu kwa sababu nalo ndo sina jibu jepesi. Mama yako aliomba, kaka hakurudi. Mtu akikuambia mama yako hakuomba vizuri, msikubaliane. Ayubu alikuwa anaamka asubuhi na mapema kuwatolea sadaka watoto wake mmoja mmoja, Biblia inasema ndivyo alivyofanya siku zote, na watoto wale walikufa siku moja nyumba ilipoangushwa na upepo mkubwa. Hakuna mahali kitabu kile kinasema maombi ya Ayubu yalikuwa na kasoro. Marafiki zake ndo walitafuta kasoro, na Mungu mwishoni akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Ayubu aliyelalamika, akauliza, akamwambia Mungu maneno makali usiku na mchana, huyo ndo Mungu alimwita mtumishi wangu. Kwahiyo kile kitu kilichobaki ndani yako toka utotoni, ambacho mama alikifunika na amina, unaweza kumwambia Mungu kama kilivyo. Mwambie ulikuwa wapi usiku ule. Sidhani kama unaweza kumkabidhi mwanao mtu ambaye bado umemnunia kimyakimya kwa ajili ya kaka yako, na kununa huko yeye anakujua.

Kuna mama mwingine wa Afrika namuwaza sana nikisoma barua kama yako, Monika, mama yake Augustino, wa Thagaste, nchi tunayoiita leo Algeria. Mwanawe aliacha imani ya mama, akafuata dini nyingine, akaishi alivyotaka. Mwaka 383 kijana akataka kwenda Roma, mama hataki, akamfuata mpaka bandarini Karthago. Kijana akamdanganya mama kwamba anamsindikiza rafiki, Monika akalala kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani anaomba usiku kucha mtoto asiondoke, na usiku uleule meli ikatweka tanga. Asubuhi mama yuko ufukweni analia. Ombi lake halikujibiwa, kwa alivyoliomba. Lakini safari ile aliyoikataa ndo ilimfikisha Milano, akabatizwa huko Pasaka ya 387. Sikuambii hivi kama ahadi kwamba wako nae atarudi na Biblia mkononi, tumeshaona watu wakitoa ahadi za Mungu kwa kalamu za watoto. Na Monika mwenyewe hakukaa kimya, alimfuata Italia kwa meli. Ninachokiona kwake ni kwamba aliomba kitu kimoja, Mungu akafanya kingine, na hakuacha kuwa mama wala kuwa mwombaji. Mimi kuamini ndo nakuona pale, kwenye kuendelea kumpenda mtoto wakati hujui mwisho.

Swali ambalo hukuniuliza ila nimeliona, je mwanao anajua habari za mjomba wake? Barua yako haisemi. Kama hajui, basi anaona mama anayemfuata mwaloni kama mtoto mdogo, haoni dada aliyesubiri mtumbwi ukarudi pungufu. Ukimsimulia, ilivyokuwa jioni ile, bibi yake alivyomuwekea mkono kichwani mwanawe, inaweza kumfanya aelewe hofu yako inatoka wapi. Inaweza pia kumuelemea, akabeba ziwani mzigo usio wake, kwahiyo angalia namna na wakati. Ukishamsimulia huenda hata maombi yakabadilika, ukamuombea mtu uliyeongea nae. Kama atakubali muwekee mkono kichwani kabla hajatoka, kama alivyofanya mama yako, dakika moja tu kwa sauti ya kawaida, halafu ulale. Akikataa, mkono hauna lazima.

Kulala nako ni kitu cha kumuomba Mungu. Ukiona usiku haulali hata siku ambazo mtoto yuko chumbani kwake, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, nenda hospitali uwaeleze, mwili uliokesha muda mrefu unahitaji kutibiwa na hakuna imani inayopungua hapo.

Na baba yake mpigie. Mambo ya Tabora yasubiri kidogo, umwambie kwanza haya uliyoniambia mimi, ya kalamu, ya kikombe, na hasa ya kaka yako, maana yeye yuko Mpanda anaamua kuhusu mtoto aliyefeli na kukimbilia uvuvi, na sidhani kama anajua mkewe usiku anapitia nini.

Dada yako